Kalamu Nzito Isimfukuze Mwanafunzi Chuoni

Mpwa wangu alilelewa katikati ya mashamba ya majani chai ya Kericho. Yeyote atakayemsikiliza akieleza jinsi ya kuchuma majani mawili na chipukizi, au jinsi jalidi inavyounguza michai, atakiri kwamba kijana huyu ana akili razini. Lakini mwingize katika ukumbi wa mhadhara, mhadhiri akisema kwa kasi, utaiona kalamu yake ikisimama. Akiandika neno moja, matano yamekwisha kumpita.

Wazazi wake waliitoa bonasi ya chai kumlipia karo katika chuo kimoja. Alipoomba ruhusa ya kurekodi mihadhara kwa simu, alijibiwa kuwa uvivu hauna dawa. Muhula wa pili ulipokwisha alirudi nyumbani, na sasa kikapu ki mgongoni. Je, ndugu msomaji, ameshindwa yeye au tumeshindwa sisi?

Matatizo ya kujifunza, mathalani disleksia, si ujinga wala uzembe. Yatokana na namna ubongo unavyoyashughulikia maandishi, na mtu huishi nayo hadi utu uzima. Kwa vile hayaonekani kama mguu uliolemaa, watu huyadhania kisingizio.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Huko Marekani, ambako sheria ya mwaka 1990 inakataza ubaguzi wa aina hii, vyuo vingi humtafutia mwanafunzi kama huyu mwenzake wa kumwandikia noti. Nasi hatuhitaji mamilioni. Mhadhiri atoe muhtasari kabla ya somo. Simu iruhusiwe kurekodi. Mwenye mwandiko safi akubali noti zake zitolewe nakala.

Wapo watakaodai kuwa huo ni upendeleo. La, hasha! Noti si mtihani. Mtihani ataukalia mwenyewe.

Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kikaanzishwa mwaka 2017. Elimu ya juu, basi, imewafikia wakulima wa chai mlangoni. Ila mlango wazi haumfai asiyewekewa kiti ndani.

Juzi dada yangu aliniuliza iwapo bonasi ijayo ailipe karo tena, au anunue ng'ombe. Sikuwa na jibu. Wakuu wa vyuo ndio wanaolo.