Je, Wajua? Maji Yanataja Joto Lake!

Je, wajua kuwa kule Puge, Unyamwezini, maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100? Ni kwenye nyuzi 96 hivi, maana Unyamwezi iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari.

Mpelelezi Mwingereza John Speke aliijua siri hiyo. Mwaka 1858 alitoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini hadi Mwanza. Akachemsha maji, akatumbukiza kipimajoto, akatangaza kuwa Ziwa Nyanza, ndilo Viktoria, liko futi 3,740 juu ya bahari. Vipimo vya leo? Kama 3,720!

Sasa kaa vizuri. Maji ya mwilini mwako hutaja joto lake bila hata kuguswa! Ndani ya mashine ya MRI ya tesla 1.5, yenye usumaku zaidi ya mara 40,000 ya ule unaogeuza dira pale Tabora, viini vya haidrojeni vya maji hayo huyumba kama pia, mara milioni 64 kwa sekunde. Joto likipanda nyuzi moja, hesabu hiyo hushuka kwa chini ya mara moja. Soma tena: katika milioni 64, haifiki hata moja! Na mashine inaiona.

Mabadiliko hayo katika maji yalipimwa na J. C. Hindman mwaka 1966. Mwaka 1995 Yasutoshi Ishihara na wenzake wa Japani wakayageuza kuwa ramani ya joto. Leo daktari anayechoma uvimbe huitazama kwenye skrini, mpya kila baada ya sekunde chache, wala hachomeki kipimajoto popote. Mafuta tu ndiyo hayashiriki: kwa njia hii hayataji joto lake.

Wajua kuua seli kwa nyuzi 43 huchukua dakika 240? Ongeza nyuzi moja, muda unakatika nusu. Ongeza tena, nusu tena. Ukifika 53, sekunde 14 zinatosha!

Mwaka 2004 Marekani iliruhusu uvimbe wa kizazi uchomwe kwa mawimbi ya sauti huku MRI ikifuatilia joto. Hakuna kisu! Mwaka 2016 ikawa zamu ya ubongo, kwa watu wanaotetemeka mikono: kofia yenye vyanzo 1,024 vya sauti, fuvu halifunguliwi, mgonjwa yuko macho. Daktari huanza na joto dogo, kisha humwambia achore mstari. Mkono ukitulia, hapo ndipo moto wenyewe unapandishwa.

Na hapa Tanzania? Kuchoma kwa joto kupo, tena bila MRI, kwa sababu mlango wa kizazi unaonekana kwa macho. Kifaa cha kushika mkononi, nyuzi 100, sekunde 20 hadi 60, na mara nyingi seli zilizoanza kuelekea kwenye saratani zimekwisha. Mama anaweza kupimwa na kutibiwa siku hiyo hiyo!