"Taito iko": Maneno mawili yaliyonifukuzia mnunuzi wa nyumba ya shangazi

Nyumba yenyewe iko Bulapesa, hapa Isiolo. Vyumba vitatu vya mawe, sebule, jikoni, choo cha ndani ambacho hutumika na cha nje ambacho hutumika zaidi, tangi la lita 5,000 na mwarobaini mmoja mkubwa uani. Shangazi aliijenga chumba kwa chumba kwa pesa za maziwa ya ngamia, yale yanayopandishwa basi asubuhi na kufika Eastleigh mchana. Sasa magoti yamekataa. Binti yake anaishi Nanyuki na anataka mama awe karibu. Kwa hivyo nyumba inauzwa, na ndiyo mali yote aliyo nayo.

Mimi ndimi kijana wa simu katika ukoo wetu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo naandika blogu, nahariri video za harusi na kutengenezea maduka ya hapa mjini matangazo ya WhatsApp. Siku moja shangazi aliniita, akanimiminia chai, akasema: "Mwanangu, hawa mabroka wamenichosha. Niuzie wewe."

Kama hujawahi kuuza kitu kupitia broka wa mtaani, mchezo ni huu. Wewe unasema unataka milioni mbili na nusu. Yeye anaweka cha juu chake bila kukuambia, mnunuzi anaambiwa milioni tatu na nusu, anacheka, anaenda zake. Wewe umekaa pale ukijiuliza kwa nini nyumba haina mwenyewe. Sheria inataka ajenti wa nyumba awe amesajiliwa, kuna hata bodi ya kazi hiyo, lakini wengi wa hawa wa kwetu ofisi yao ni kivuli cha hoteli na simu mbili.

Nikasema hii ni kazi rahisi. Nina simu nzuri, nina bando, najua watu wanapenda nini. Nikapiga video ya sekunde 40, nikaweka muziki, nikaongeza rangi hadi ule ukuta wa krimu ukawa kama wa hoteli ya Diani. Nikaiweka TikTok, Facebook na kwenye magrupu ya watu wetu walio ng'ambo. Chini nikaandika: "Nyumba safi Isiolo mjini. Maji, stima, barabara. Taito iko."

Siku nne, watu 11,000 walikuwa wameitazama. Nilijiona mkubwa sana.

Simu zikaanza. Wengi walikuwa wanauliza kama inapangishwa. Mmoja alitaka kubadilishana na Probox. Mwingine akanitumia ujumbe saa nane usiku kuniuliza kama mimi nimeoa. Katikati ya hao wote akatokea mzee mmoja wa kwetu anayefanya kazi Doha. Doha na Isiolo saa ni moja, kwa hivyo alikuwa anapiga baada ya swala ya isha, taratibu, kama mtu mwenye nia.

Hakuuliza chochote kuhusu rangi ya ukuta. Aliuliza maji yanakuja siku ngapi. Aliuliza mvua ikinyesha lori linafika getini ama linakwama. Aliuliza majirani ni akina nani. Halafu akanipigia kwa video akaniambia: "Nenda kwa mfereji, ufungue." Nikafungua. Mfereji ukakohoa mara mbili, ukanyamaza, kwa sababu siku hiyo haikuwa siku ya maji mtaa ule. Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia ukweli: maji ni siku tatu kwa wiki, ndiyo maana kuna tangi. Mzee akacheka. "Sawa," akasema, "sasa tunaweza kuongea."

Wiki iliyofuata akamtuma binamu yake anayeishi hapa Isiolo aje aone karatasi. Shangazi akaingia chumbani, akatoka na mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe kulikuwa na barua ya kugawiwa ploti kutoka kwa baraza la zamani la kaunti, ile tunayoiita alotimenti, pamoja na risiti za kodi zilizofungwa kwa mpira. Binamu akaisoma, akaigeuza, akauliza: "Na taito?"

Hakukuwa na taito. Haijawahi kuwepo. Mimi nilijua kuna "karatasi" na nikaandika neno linalouza. Yule bwana hakupiga kelele. Alipiga picha moja, akanywa chai yake hadi mwisho, akaaga. Usiku mzee wa Doha akanipigia mara ya mwisho. "Mfereji ulinionyesha ukweli bila kuuficha," akasema. "Wewe mbona ulificha?"

Shangazi mwenyewe hajui TikTok. Mjukuu wake ndiye aliyemsomea nilichoandika. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mimi nimeuza maziwa miaka ishirini. Siku moja tu ningeweka maji ndani, Eastleigh nzima ingejua kufikia jioni."

Kwa mtu wa Nairobi, hii inaweza kuonekana kama kosa dogo. Hapa si dogo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Isiolo kwa miaka mingi ilikuwa ardhi ya amana, ikisimamiwa na baraza la kaunti, na watu walipewa ploti kwa barua. Halafu zikaja habari kubwa. Machi 2012, LAPSSET ilipozinduliwa kule Lamu, Isiolo ilikuwa kwenye ramani: mji wa watalii, reli, bomba la mafuta. Lami ikapanda hadi Moyale. Uwanja wa ndege ukafunguliwa rasmi 2017. Reli na bomba hatujaviona, lakini bei ya ploti ilishafika zamani. Pamoja nayo walikuja watu wenye barua za ploti ambazo tayari zina wenyewe. Kila familia hapa ina hadithi ya ploti moja yenye barua mbili, na kila mtu aliye ng'ambo ana ndugu aliyetumiwa pesa anunue, akaambulia kesi.

Kwa hivyo mnunuzi wa mbali anapoiona nyumba ya Isiolo kwa simu, swali lake la kwanza si "ni nzuri?" Ni "ni yako?" Na hawezi kulijibu peke yake akiwa kitandani Minneapolis ama Doha. Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa serikali, ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, na hata pale unapofanya kazi, unachotafuta humo ni ardhi iliyosajiliwa. Barua ya alotimenti haina namba ya hati ya kutafuta. Amebaki na neno lako tu. Mimi neno langu nilikuwa nimelitumia vibaya siku ya kwanza.

Niliirudia kazi. Safari hii nilimuuliza shangazi kila kitu kabla ya kuandika herufi moja, na tangazo likatoka hivi:

"Nyumba ya mawe, vyumba vitatu, Bulapesa. Mwenyewe ameishi hapa zaidi ya miaka 20. Karatasi: barua ya alotimenti kwa jina lake, risiti za kodi zipo, hatimiliki BADO. Maji ya mfereji siku tatu kwa wiki, tangi lita 5,000. Choo cha ndani kinahitaji fundi. Barabara ni ya murram, ikinyesha sana magari madogo husumbuka. Bei milioni 2.5, inazungumzika. Unaongea na familia, hakuna broka."

Rafiki yangu mmoja aliisoma akaniambia, "Buda, hii si tangazo, hii ni kujishtaki."

Video nayo niliibadilisha. Niliipiga mfululizo bila kukata, kutoka kwenye lami hadi getini, getini hadi mferejini, halafu chumba kwa chumba, dakika nne nzima. Hakuna muziki, unasikia bodaboda, mbuzi wa jirani na adhana kwa mbali. Ule upana wa kamera unaofanya chumba kionekane ukumbi niliuzima, maana mtu akifika na kukuta nusu ya alichoona, umempoteza. Kuhusu mwanga, jua la Isiolo la saa sita halifai kabisa. Mabati yanang'aa hadi picha inakuwa nyeupe tupu na vyumba vinaonekana kama pango. Piga saa moja asubuhi ama saa kumi na moja jioni. Na fagia, tafadhali. Kwenye video yangu ya kwanza kulikuwa na ndoo ya nguo chafu ambayo watu wa maoni waliipenda kuliko nyumba.

Kitu kimoja sikuonyesha: karatasi zenyewe. Nilizitaja tu. Namba ya ploti, kitambulisho cha shangazi, sahihi yake, hayo ni ya kuonyeshwa mtu aliyekuja na mkawa mmekaa naye. Nilijifunza hili vibaya, kwa sababu huku nyuma ile video yangu ya kwanza ilikuwa imeibwa.

Jumamosi moja msichana alibisha geti akiwa na begi na mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka Meru. Alikuwa ameona video kwenye grupu fulani, nyumba ile ile, muziki ule ule, lakini inapangishwa kwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na alishamtumia "mwenye nyumba" ada ya kutazama na amana ya mwezi mmoja kwa simu. Namba haikupatikana tena. Shangazi alimpa chakula, mtoto akalala chini ya mwarobaini, na jioni tukamchangia nauli. Tangu siku hiyo kila picha ninayoweka ina namba yangu na neno INAUZWA katikati kabisa, si pembeni ambako mtu anaweza kuikata. Inaharibu picha. Wacha iharibike.

Tangazo la pili lilitazamwa na watu kama 900. Simu za maana zilikuwa sita. Mojawapo ilitoka kwa mwalimu na mkewe, wote wanafundisha Marsabit, wanaotaka kurudi karibu na wazazi. Walikuja wawili, wakaja tena na wazee, wakaja mara ya tatu na wakili. Nilidhani wakili atatuchezea. Kumbe ndiye aliyetufungua macho.

Alituambia kuwa Septemba 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilisema wazi kwamba barua ya alotimenti si hatimiliki. Ni ahadi ya kupewa ardhi, na haikupi kitu cha kumuuzia mwingine hadi utimize masharti yake: kukubali, kulipa ada zilizotajwa kwa muda uliotajwa, kisha ardhi isajiliwe kwa jina lako. Maana yake, hata yule mzee wa Doha angelipa pesa zote siku ile, angebaki na barua yenye jina la shangazi na nyumba ambayo mtu yeyote angeweza kuja kuidai. Shangazi naye angekuwa ameuza kitu ambacho bado hakijawa chake kisheria. Nilikaa kimya sana kwenye kikao hicho.

Wakili akaweka mpango. Kwanza shangazi akamilishe hatimiliki. Baada ya hapo wataandikiana mkataba, kwa sababu mauziano ya ardhi bila maandishi yenye sahihi na shahidi hayana nguvu mahakamani. Malipo ya kwanza kwa desturi ni asilimia 10, kupitia akaunti ya wakili, si kwa simu ya kijana wa familia. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, ni wa mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, humwangukia muuzaji, lakini mtu aliyeishi kwenye nyumba yake mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza husamehewa. Shangazi aliposikia hilo alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kama ungekuwa na mume ama mke, kibali chake nacho kingehitajika. Yeye ni mjane, na barua ni ya jina lake tangu mwanzo.

Mpimaji wa ardhi alikuja mwezi uliopita, akapiga vigingi vyake, majirani wa pande zote wakasimama wakathibitisha mpaka. Tunasubiri. Hakuna shilingi iliyotoka kwa mwalimu, na shangazi hajafunga hata sanduku moja. Mwalimu akishuka kutoka Marsabit wikendi hupita, hufungua mfereji mwenyewe, hunywa chai, huuliza habari za mpimaji.

Wiki jana shangazi aliniuliza kama ile video ya kwanza bado iko. Nikamwambia iko, na bado inatazamwa. "Ifute," akasema. Niliifuta pale pale mbele yake, na watazamaji wangu 11,000 wakaenda nayo. Ile ya mwizi bado inazunguka. Jana kuna mtu kutoka Maua amenipigia akiuliza kama ile nyumba ya 6,000 ishachukuliwa.