Jina la Nguo na Uzi Wake: Namna ya Kutambua Mavazi ya Zamani

Nguo ya zamani humjia mtafiti ikiwa na mashahidi wawili: jina lake na uzi wake. Sisi wanaisimu huelekea kumwamini wa kwanza. Katika sehemu hii ya mhadhara nitaeleza kwa nini hatuna budi kumhoji na wa pili.

Tuanze na merikani. Baada ya Seyyid Said kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, majora ya pamba isiyopaushwa kutoka Massachusetts yaliingia Unguja kwa wingi, yakachukuliwa na misafara hadi bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipoikausha biashara hiyo, viwanda vya Uingereza na India viliziba pengo. Nguo ilibadili asili, jina likabaki. Hivyo, bibi wa Chunyu afunguapo sanduku na kusema, “Hii ni merikani,” anatueleza aina ya kitambaa, kiwanda hakitajwi.

Mfano wa pili ni kitani na katani, maneno yenye shina moja la Kiarabu. La kwanza limebaki kwa nyuzi laini za nguo. La pili limehamia kwenye nyuzi ngumu za mkonge. Mkonge wa mashambani tuujuao leo uliletwa mwaka 1893. Andiko la kabla ya hapo likitaja katani, haiwezekani kuwa ni mkonge huo. Hariri nayo siku hizi huitwa nguo yoyote inayong’aa.

Ndipo tumwite shahidi wa pili. Chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uushike kwa kibanio juu ya sahani, mbali na nguo yenyewe, kisha uuwashe. Pamba na kitani huwaka upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha majivu mepesi. Sufu na hariri huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na masalio yake husagika vidoleni. Nailoni na poliesta hunywea na kuyeyuka, kisha hugeuka kidonge kigumu kisichosagika. Kama nyuzi zimechanganywa, dalili nazo huchanganyika. Kwa hiyo pima uzi wa mtande na wa mshindo, kila mmoja peke yake.

Jaribio hili husaidia hata kukadiria umri. Poliesta ya nguo ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941. Vazi lenye uzi huo haliwezi kuwa la zama za Vita vya Maji Maji (1905–1907), hata simulizi ya ukoo iwe tamu namna gani. Na katika nchi ya kusini jambo hili si dogo, kwani vita hivyo vilianza kwa kung’oa miche ya pamba huko Nandete.

Kosa la kutambua huleta hasara. Dawa ya kupausha yenye klorini, ambayo pamba nyeupe huistahimili kwa kiasi, huiharibu kabisa hariri na sufu. Kilemba cha babu kikiisha kuoza katika beseni, hakuna kamusi itakayokirudisha. Basi tuandike jina kama mwenye nguo alivyolitamka, na kando yake tuandike uzi kama moto ulivyouonesha. Pale viwili hivyo vinapotofautiana, ndipo historia ya neno inapoanza.