Kusoma shahada usiku: tujifunze kwa marubani



Mwezi huu tuzungumze juu ya usingizi wa watu wanaosoma huku wakifanya kazi. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Ubaruku watu wa namna hiyo si wachache. Yupo mwalimu mwenye stashahada anayetafuta shahada, yupo muuguzi, yupo karani wa mashine ya kukoboa mpunga anayesoma uhasibu kwa simu yake. Mchana wako kazini, jioni wako shambani, na usiku wenzao wakishalala ndipo wanapofungua masomo. Tunawasifu kwa bidii yao, na sifa hiyo wanaistahili. Lakini wanapokuja hospitali na kichwa kisichoacha kuuma, moyo unaokwenda mbio au presha iliyopanda, aghalabu hawataji saa yao ya kulala mpaka waulizwe.

Kusoma kwa masafa si jambo geni nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuzinduliwa rasmi Januari 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza. Wakati ule masomo yalikuja kwa vitabu na kwa posta. Leo mengi yanakuja kwa intaneti, na kituo cha mkoa kipo Mbeya. Nchini Kenya, mwaka 2005, shirika la Amref pamoja na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wenye cheti ili wapate stashahada bila kuziacha wodi zao, na walikusudia kuwafikia zaidi ya 20,000. Basi mlango umefunguliwa kwa mtu asiyeweza kuacha mshahara kwa miaka mitatu. Mimi nauliza swali moja tu: saa za kusoma anazitoa wapi?

Ili kulijibu nimechagua kumtazama mtu ambaye hatukutani naye sana, rubani wa ndege ya abiria, kama hao wanaotua uwanja wa Songwe uliofunguliwa mwaka 2012. Marubani nao wanasoma kwa njia hii hii. Leseni ya urubani haidai shahada ya chuo kikuu. Inadai mafunzo, mitihani, na saa za kuruka zisizopungua 1,500 kwa leseni ya daraja la juu. Lakini leseni hiyo inategemea afya. Rubani wa ndege kubwa hupimwa na daktari kila miezi 12, na akishavuka umri wa miaka 60 hupimwa kila miezi 6. Ikionekana kwamba ana kifafa au ugonjwa mzito wa moyo, harushi ndege tena mpaka madaktari waridhike, na pengine hawataridhika kamwe. Akitimiza miaka 65 haruhusiwi kuongoza ndege ya abiria katika safari za kimataifa. Kwa hiyo rubani mwenye busara hujitafutia shahada mapema, awe na kazi nyingine ya kushika siku hiyo ikifika. Chuo Kikuu cha Embry-Riddle, huko Florida, Marekani, hufundisha mambo ya anga kwa intaneti, na watu walio kazini ni wengi kati ya wanafunzi wake. Rubani hufika hotelini katika mji wa ugenini, hufungua kompyuta, huandika insha yake, na kesho yake anarudi angani.

Na tukiwa hapo hapo: Kanisa limewapa wanafunzi na marubani msimamizi mmoja, Mtakatifu Yosefu wa Kupertino. Alikuwa mtawa Mfransisko wa karne ya 17. Masomo yalimtaabisha sana lakini mitihani akaipita, na yasemekana alikuwa akiinuka kutoka ardhini wakati wa sala. Sikukuu yake ni tarehe 18 Septemba.

Tofauti kubwa kati ya rubani na mwalimu wetu wa Ubaruku ni kwamba usingizi wa rubani unalindwa na sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 100 katika siku 28, wala zaidi ya saa 900 katika mwaka. Marekani, kabla ya kuingia kazini, lazima apewe mapumziko ya saa 10 mfululizo, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Sheria hiyo ya Marekani ilitolewa mwaka 2011 na ikaanza kutumika Januari 2014. Ilitanguliwa na misiba. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka juu ya nyumba karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kama abiria, kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine, ili afike kazini. Wachunguzi walikuta kwamba rubani mkuu alikosea alipopewa onyo na ndege, na wakaongeza kwamba huenda uchovu uliwapunguzia marubani wote wawili uwezo wao.

Mwaka uliofuata, tarehe 22 Mei 2010, ndege iliyotoka Dubai ilipita mwisho wa uwanja wa Mangalore, India, wakafa watu 158. Chombo cha kunasa sauti kilionyesha kwamba rubani mkuu alikuwa amelala usingizi mzito kwa zaidi ya saa moja na nusu katika safari hiyo. Aliamka, lakini akili yake haikuwa imeamka sawasawa. Ilikuwa alfajiri, na hilo nalo lina maana yake. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi mwili wa binadamu hushuka: joto linapungua na macho yanakuwa mazito, hata kwa yule aliyelala mchana. Wauguzi tulio katika zamu ya usiku twaijua saa hiyo. Ndiyo saa ambayo mtu husoma kipimo cha dawa ya mtoto mara tatu na bado hana uhakika amekisoma.

Hata hivyo sheria ina mpaka wake. Inampa rubani nafasi ya kulala. Haiingii chumbani kuona kama amelala. Rubani anayesoma shahada akizila saa zake 8 kwa insha, hakuna polisi wa kumkamata. Ndiyo maana sheria hiyo hiyo inamtaka atamke mwenyewe, kabla ya kuruka, kwamba yu mzima wa kufanya kazi. Akijiona amechoka anapaswa kusema, na ndege impate mwingine. Kwetu sisi hakuna fomu ya kutia sahihi. Mwalimu ataingia darasani, dereva wa bodaboda atawasha pikipiki, na muuguzi atachukua bomba la sindano.

Uchovu wenyewe ni kitu cha kupimika. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho muda wa saa 17 hufanya kazi vibaya sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu mtu kuendesha gari. Akikaa macho saa 24 anakuwa kama mwenye asilimia 0.10. Hebu tuhesabu kwa maisha yetu. Mama aliyeamka saa 11 alfajiri kwenda kuamia ndege kwenye mpunga, saa zake 17 zinatimia saa 4 usiku. Na saa 4 usiku ndipo wengi wanapoanza kusoma!

Anayesoma katika hali hiyo anapata hasara mara mbili, kwa kuwa ubongo hufanya kazi ya kuyatunza yaliyosomwa wakati tumelala. Aliyesoma saa mbili akalala vizuri atakumbuka kuliko aliyesoma saa tano akalala mbili. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi katika siku. Anayezikosa kwa miezi na miaka hujiongezea hatari ya presha, ya kisukari na ya unene, na hukasirika upesi nyumbani, jambo ambalo watoto hulijua kabla ya daktari.

Basi tuingie kwenye hesabu ya shahada yenyewe, kwa sababu wengi huingia bila kuifanya. Katika vyuo vikuu vyetu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani kusoma, kuandika na kujitayarisha kwa mtihani. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, ndiyo saa 3,600. Anayetaka kuimaliza kwa miaka mitatu anahitaji kama saa 23 kila wiki, karibu saa 4 kila jioni kwa siku sita. Mtu wa kazi na shamba hana saa hizo, isipokuwa aziibe kitandani. Akiitandaza kwa miaka sita zinakuwa saa 11 na nusu kwa wiki, pungufu ya saa 2 kwa jioni sita, na Dominika anapumzika. Chuo Huria kinamruhusu mwanafunzi kuchukua masomo machache kwa mwaka. Nafuu hiyo wengi huionea aibu, wakiona kwamba kuchelewa ni kushindwa. Mimi sioni hivyo. Shahada ya miaka sita ni shahada.

Saa hizo 2 nazo hazitoki mawinguni. Nani ataenda kwenye zamu ya maji shambani? Nani atapika? Hapa sina budi kusema jambo ambalo akina baba hawatalipenda. Baba akisoma, nyumba nzima inanyamaza na chai inaletwa. Mama akisoma, kwanza huosha vyombo, hulaza watoto, hupanga nguo za shule, ndipo anapofungua daftari saa 5 usiku. Familia ikae chini igawane kazi kabla ada haijalipwa, na saa ya kuzima taa itajwe siku hiyo hiyo, ijulikane na wote, hata mtoto aweze kumkumbusha mama yake.

Lipo na jambo la hapa hapa kwetu. Maji ya mashamba ya mpunga huzaa mbu, na mbu wa malaria huuma usiku. Anayekaa barazani na simu mpaka saa 6 usiku, ingawa chandarua chake kizuri kinaning'inia chumbani, ameumwa tayari kabla ya kuingia kulala. Ukiona mwanafunzi wa nyumba yako anapata malaria mara kwa mara kuliko wengine, ulizeni anasomea wapi. Asomee ndani, avae mikono mirefu na soksi, au aingie na simu yake kwenye chandarua. Mshumaa na kibatari visiingizwe humo kamwe, chandarua hushika moto kwa dakika moja.

Kahawa si dawa ya usingizi, ni ya kuuahirisha tu. Baada ya saa 5 hivi nusu ya nguvu yake bado imo mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 2 usiku humsumbua mtu mpaka usiku wa manane. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye makopo ni vibaya zaidi kwa mwenye presha, na mjamzito asivitumie. Mwenye kifafa asikeshe kabisa, kwani kukosa usingizi huita degedege. Aliyewahi kuugua akili naye azungumze na daktari kabla ya kuanza masomo ya usiku.

Usingizi mfupi wa mchana unasaidia sana. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliwajaribu marubani wa safari ndefu na kutoa taarifa mwaka 1994. Waliopewa dakika 40 za kupumzika kwa zamu walilala wastani wa dakika 26, na waliamka na umakini mzuri kuliko wenzao, ambao walisinzia hata ndege ilipokuwa ikikaribia kutua. Mwalimu anaweza kufanya vivyo hivyo baada ya chakula cha mchana, kichwa juu ya meza. Wanafunzi wamwache.

Kwa wale wanaokwenda Mbeya kufanya mitihani: aliyetoka zamu ya usiku asijiendeshe pikipiki mwenyewe asubuhi hiyo. Aombe kubadilishana zamu wiki mbili kabla, asafiri siku moja mbele akiwa abiria, na usiku wa kuamkia mtihani afunge vitabu saa 3.