Usidanganywe na Luku: Hii Samaki Inataka Baridi

Kuna kasamaki huko California kana luku kali kushinda nganya mpya ya Rongai. Mwili ni mwekundu wa kuwaka, halafu mistari ya bluu ubavuni, ungedhani imepitia kwa msee wa grafiti. Inaitwa gobi ya Catalina, jina la kisiwa kiko hapo karibu na Los Angeles. Hata ikikomaa haifikishi sentimita 7. Msee akiiona dukani, doo inatoka mfukoni yenyewe.

Ngori inaanzia hapo. Juu ya hiyo rangi, wasee huichukulia ni ya maji moto, wanaitupa kwa tanki la matumbawe, digrii 25 ama 26, ikae na kina Nemo. Siku za kwanza iko fiti, inamanga vizuri. Kumbe inaisha pole pole. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na mwili wa samaki nao unakimbia mbio kuliko ulivyozoea. Kabla uizoee, imededi.

Kwao ni pwani ya California kushuka mpaka Ghuba ya California, Mexico. Mkondo wa bahari unaleta maji baridi kutoka kaskazini, upepo nao unapandisha mengine kutoka chini. So kwa tanki iwekee digrii kama 16 hadi 20. Maji ya Mombasa kwake ni supu.

Ukitaka kuifuga kiukweli, tanki la lita 40 linatosha kadhaa. Doo yenyewe inaenda kwa mashine ya kupoza maji, yenye inachapa kazi kama friji, na stima utailipia. Feni juu ya tanki inashusha digrii chache tu, halafu maji yanakauka mbio. Chumvi nayo haitoki na mvuke, so jazia maji safi yasiyo na chumvi, la sivyo tanki litakuwa kachumbari. Na usitie samaki siku ya kwanza. Bakteria wa kumaliza amonia wanataka mwezi ama zaidi kujipanga, na kwa baridi hawana haraka.

Dishi ni vikamba vidogo vya friza, kidogo kidogo, mara mbili kwa siku. Wekea mawe yenye mashimo na makombe. Huko baharini hujibanza kati ya wale viumbe wa miiba mirefu wenye hudunga watu miguu. Adui akikuja, anakutana na sindano.

Stori ya familia nayo ni noma. Dume mmoja ndiye mdosi, na madem kadhaa chini yake. Mdosi akitoka, dem mwenye nguvu anageuka dume, kitu wiki mbili hivi. Akipatana na dume wa kumshinda, anaweza rudi kuwa dem. Mayai yakitagwa, baba ndiye soja.

Sasa shika hii: hata ukiilea fiti, maisha yake ni kama miaka miwili, na nyingi hazifiki hapo. Hiyo taimu ni fupi tayari, usiikate nusu juu ya picha. Kabla utoe doo, uliza muuzaji swali moja tu: maji ya kwao ni digrii ngapi? Akianza kubabaika, ama kama huna mashine ya kupoza, wachana nayo.