Msafiri wa Visiwani: Hukumu za Tahadhari, Tiba na Uokozi

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeitiisha bahari ili merikebu zipite juu yake kwa amri Yake. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Swahaba zake wote. Amma baad.

Sisi watu wa Dodoma, Kondoa na Mpwapwa tumesoma milango ya bahari vitabuni kabla ya kuiona kwa macho. Mwanafunzi wa madrasa huku kwetu anaweza kukusomea hukumu ya aliye ndani ya jahazi akaelekea Kibla na jahazi likageuka, naye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Hombolo au Mtera. Zamani hilo halikuwa na madhara makubwa, kwani waliokuwa wakivuka kwenda Unguja na Pemba walikuwa wachache. Leo mambo yamebadilika. Treni ya umeme ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na mtu anaweza kusali Alfajiri hapa, akavuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, akawa Unguja siku ile ile. Wanakwenda wanafunzi, wafanyabiashara, wenye kutembelea jamaa, na wenye kuhudhuria maulidi. Wengi wao hawajui kuogelea, na wengi hawajajiandaa kwa chochote. Ukiwauliza, jibu ni moja: tumetawakali.

Basi na tuanze na neno hilo hilo. Katika tafsiri ya aya ya 197 ya Suratul Baqara, Ibn Abbas (R.A.) ameeleza, kama alivyopokea Al-Bukhari, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu na kudai kuwa wao ndio wenye kutawakali, kisha wakifika Makka huomba watu. Ikateremshwa amri ya kuchukua masurufu. Tazama vizuri, ndugu msomaji: waliokosolewa hawakuwa watu wa starehe waliosahau Mungu. Walikuwa mahujaji. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 71 na ya 102, waumini wameamrishwa kuchukua hadhari yao, hata wakiwa ndani ya sala ya khofu wameshika silaha. Kama hadhari haiondoki mtu akiwa mbele ya Mola wake katika sala, itaondokaje akiwa juu ya sitaha ya boti?

Na wanavyuoni wetu wa Kishafii wamekwenda mbali zaidi ya kusema kuwa tahadhari ni jambo jema. Imam An-Nawawi katika Minhaaj, mlango wa Hija, ameeleza kuwa kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba mtu atalazimika kupanda bahari kwenda Hija ikiwa usalama ndio ulioghalibu. Masharti yako hapo. Ukighalibu uangamivu, uwajibu unaondoka, na wafafanuzi wa kitabu hicho wamesema kupanda kwenyewe kunakuwa haramu. Hii ni Hija, nguzo ya tano ya Uislamu. Sasa nipime mimi na wewe: safari ya harusi, ya biashara ya nguo au ya maulidi, ina nguvu gani ya kuhalalisha kile ambacho Hija haikukihalalisha? Imepokewa pia na Imam Ahmad katika Musnad, na Al-Bukhari katika Al-Adabul Mufrad, kwamba Mtume (S.A.W.) amemtaja mwenye kupanda bahari wakati wa kuchafuka kwake akafa, pamoja na mwenye kulala juu ya dari lisilo na kizuizi akaanguka, kuwa dhima imeondoka kwao.

Usalama kughalibu hujulikanaje? Haujulikani kwa moyo kutulia. Hujulikana kwa kuwauliza wenye ujuzi na kwa kutazama kilicho mbele ya macho. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander iliondoka bandari ya Malindi, Unguja, kuelekea Pemba, ikazama katika mkondo wa Nungwi. Ruhusa yake haikufikia abiria 700. Tume iliyochunguza ilikuta kuwa waliokuwemo walipita 2,000. Haikuwa siri. Kila aliyekuwa gatini aliona, na yaripotiwa kuwa wako walioona wakakataa kupanda. Hao walifanya fiq-hi kwa miguu yao. Kisha tarehe 18 Julai 2012, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam na watu karibu 290 ilipinduka karibu na Chumbe katika upepo mkali. Julai ni msimu wa kusi, na wavuvi wote wa pwani wanajua kusi inavyofanya mawimbi. Sisi wa bara hatujui, kwa hiyo juu yetu kuuliza ni lazima zaidi. Na Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kimbunga Hidaya, boti za Unguja zilisimamishwa, na wako abiria waliolalamika kupotezewa muda. Aliyesimamishwa siku ile alisaidiwa kuitii sheria ya dini yake.

Nahodha na mwenye chombo wana hukumu yao nzito zaidi, lakini makala hii ni ya msafiri. Akishapanda, avae jaketi la kujiokolea linapohitajika au angalau ajue liko wapi na hufungwa vipi. Mama wa Kiislamu asione haya; huvaliwa juu ya buibui na halifunui kitu. Pia aangalie milango iko wapi kabla ya kulala.

Na chombo kikielekea kuzama? Hapa An-Nawawi ametuachia maneno yenye faida kubwa. Inajuzu kutupa mizigo baharini, na inakuwa wajibu kuitupa pindi kunapotarajiwa kwa hilo kuokoka kwa abiria. Aliyetupa mali ya mwenziwe bila idhini atailipa, lakini kulipa ni deni, nalo deni hulipika. Roho haina wa kuilipa. Ama binadamu hatupwi kwa ajili ya kuokoa wengine, si kwa kura wala bila kura. Kisa cha Nabii Yunus (A.S.) katika Suratus Swaffat si dalili ya kulifanya jambo hilo katika sheria yetu.

Kumuokoa anayezama ni faradhi kwa mwenye uwezo. Sheikh Izzuddin bin Abdis Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, amesema katika Qawa'idul Ahkaam kuwa kumuokoa anayezama kunatangulizwa juu ya kutekeleza sala, kwa sababu sala inaweza kulipwa, na kwamba aliyefunga Ramadhani akawa hawezi kumuokoa ila kwa kufungua, basi atafungua. Katika madhehebu yetu huyo atalipa siku hiyo na, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, atatoa na kibaba cha chakula. Hata hivyo asiyejua kuogelea asijirushe. Arushe kamba, boya, dumu tupu la plastiki. Anayezama humkumba mwokoaji wake, na maiti wawili si bora kuliko mmoja.

Akitolewa majini hapumui, wapo wanaomning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke. Madaktari wanakataza, huo ni muda unaopotea. Alazwe chali mahali pagumu, apewe pumzi mdomo kwa mdomo, kisha kifua kibonyezwe kwa nguvu katikati, mibonyezo 30 kwa kila pumzi 2, bila kukata, mpaka msaada ufike. Na mwingine apige simu 112. Nimewahi kuulizwa: je, kama aliyezama ni mwanamke na aliye karibu si maharimu wake? Jibu limo katika Minhaaj, mlango wa nikahi, ambako kutazama na kugusa kumeruhusiwa kwa ajili ya matibabu. Na Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.) amesimulia, kama ilivyo katika Al-Bukhari, kuwa wao wanawake walikuwa vitani pamoja na Mtume (S.A.W.) wakiwapa watu maji na kuwatibu majeruhi. Ikiwa yuko mwanamke mwenzake anayejua, yeye ametangulia. Kama hayuko, haifai kusubiri.

Tuje kwenye mkoba wa msafiri. Abu Huraira (R.A.) amepokea kuwa mtu mmoja alimwambia Mtume (S.A.W.) kuwa wao hupanda bahari na kubeba maji kidogo, wakitawadhia watapata kiu. Akamjibu kwamba maji ya bahari ni twahara na mfu wake ni halali. Tunaitaja hadithi hii kila mwaka katika mlango wa maji, tukapita. Lakini ndani yake mna msafiri aliyepanga maji yake ya kunywa, na Sharia ikamlindia maji hayo: kutawadha kuna mbadala, kiu cha baharini hakina. Basi mwenye kisukari abebe insulini na kitu kitamu, mwenye pumu dawa yake ya kuvuta, mwenye presha vidonge vya kutosha na vya akiba, vyote mkononi, visiwe katika mzigo unaowekwa mbali. Kwa kuharisha, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi huokoa maisha wakati unatafuta zahanati. Mwenye kadi ya bima ya afya ya huku bara aulize kabla ya kuondoka kama itapokelewa, maana Zanzibar ina mfuko wake. Wageni wa nje ya nchi wanatakiwa na serikali ya Zanzibar tangu Oktoba 2024 kulipia bima ya safari, dola 44. Mas'ala ya bima yana makala yake, na aliyelazimishwa na sheria ya nchi hana dhambi.

Jambo lingine ni chakula. Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi wakalazwa. Novemba 2021 yalikuwa yametokea mfano wake Pemba hiyo hiyo. Wengi katika wanavyuoni wa Kishafii wanaona kasa haliwi, na wako waliohalalisha kwa ujumla wa hadithi ya mfu wa bahari. Khitilafu hiyo isimpeleke mtu kaburini. Kinachodhuru ni haramu kwa madhara yake hata kama asili yake ni halali, na sumu ya kasa haiondoki kwa kupikwa. Hali kadhalika samaki bunju. Mgeni wa bara asile alichookota ufukoni wala asichokijua jina. Akichomwa na mwiba wa taa, atumbukize mguu katika maji ya moto kiasi anachoweza kustahimili, yasimuunguze, kisha aende hospitali. Unguja iko Mnazi Mmoja. Pemba iko Abdulla Mzee pale Mkoani, na ya Chake Chake.

Sasa nawageukia maimamu. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, akaota akajitia janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaioni, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari aliwalaumu kwa maneno makali mno, akawahesabu kuwa ndio waliomuua, na akaeleza kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale walikuwa watu wema, na walichokitaka ni twahara. Leo abiria mwenye jeraha la tumbawe mguuni, au aliyeshonwa, atamuuliza imamu wa msafara kwa simu. Imamu huyo amuulize kwanza: daktari amesema nini kuhusu maji? Akisema maji yatadhuru, jeraha litatayamamiwa na bendeji itapanguswa. Na mgonjwa wa kisukari anayetaka kufunga safarini, fatwa yake haikamiliki kabla ya neno la tabibu.

Limebaki moja ambalo watu hulidharau: jina. Yako mazoea ya kusafiri kwa tiketi iliyokatwa kwa jina la mwingine, au kupanda bila kuandikwa, hasa watoto. Baada ya ajali za 2011 na 2012 ziko familia ambazo hazikupata mwili wala jina katika orodha. Mtu huyo ni nani kisheria? Ni mafquudi, aliyepotea. Katika kauli mpya ya Imam Shafii mkewe haolewi mpaka iyakinike kuwa amekufa au amemtaliki. Katika kauli ya kale atangoja miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa. Mirathi yake haigawanywi mpaka upatikane ushahidi au kadhi ahukumu. Jina katika orodha ya abiria wa chombo kilichozama ni karina yenye nguvu mbele ya kadhi. Bila hilo, mjane atabaki hana mume na hana eda. Kwa hiyo msafiri aandikwe kwa jina lake kamili, na watoto wake kila mmoja kwa jina lake. Awe na karatasi mfukoni, ndani ya mfuko wa plastiki, yenye jina, simu ya nyumbani, maradhi aliyonayo na dawa anazotumia, na nakala aiache kwa mkewe pamoja na wasia na orodha ya madeni yake. Wallahu a'lam.