Gesi ya jalalani: Lubumbashi bado ina nafasi ya kuchagua

Katika lupango nyingi za Katuba, Kenya na Ruashi, vitongoji vya Lubumbashi, taka haziendi mbali. Maganda ya muhogo, mabua ya sombe, makombo ya bukari na majivu ya mbabula huishia kwenye shimo nyuma ya nyumba. Likijaa hufukiwa au huchomwa moto, kisha huchimbwa lingine. Zinazozidi hubebwa kwa mkokoteni na kumwagwa kando ya barabara au ukingoni mwa mto Lubumbashi, na mvua za Desemba huzisukuma kuelekea mto Kafubu.

Uchafu huo kila mtu anauona. Gesi inayotoka ndani yake haionekani.

Mabaki ya chakula na mimea yakifunikwa mahali pasipopenya hewa, vijidudu huyaozesha na kutoa methani. Kwa uzito ule ule, methani hupasha joto dunia karibu mara 80 kuliko hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 20. Wakongomani wengi huisikia ikitajwa kwa habari ya Ziwa Kivu, lakini taka na majitaka pekee hutoa takriban moja ya tano ya methani yote inayosababishwa na shughuli za binadamu duniani.

Kwa Kongo, mwelekeo wa methani ya taka katika miongo yote tangu uhuru ni kupanda. Mwaka 1960 nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 15. Leo wamepita milioni 100. Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, haukuwa na watu laki tatu bendera ya Ubelgiji ilipoteremshwa. Sasa una zaidi ya milioni mbili, na kila nyumba inapika.

Hata hivyo, idadi ya watu haitoshi kueleza kiasi cha gesi. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, limeziwekea nchi kanuni za kukadiria kiasi hicho. Jalala linalosimamiwa vizuri, lenye taka zilizoshindiliwa na kufunikwa udongo, hupewa kipimo cha 1. Jalala holela lenye kina cha zaidi ya mita 5 hupewa 0.8, na lenye kina kifupi 0.4, kwa kuwa hewa bado inapenya. Maana yake, tani moja ya maganda iliyotawanywa Katuba hutoa methani chini ya nusu ya ile ambayo ingetoka kama maganda hayo yangezikwa kwenye dampo la kisasa lisilo na mabomba ya kunasa gesi.

Hiyo si sababu ya kuuacha mji mchafu. Moshi wa plastiki unaumiza vifua vya watoto, na mifereji iliyoziba huleta mafuriko na kipindupindu. Wakazi wa Lubumbashi wanastahili taka zao zizolewe. Ila mji ukizoa kila kitu na kukirundika mahali pamoja, gesi itaongezeka katika miaka ile ile ambayo mitaa itakuwa inang'aa.

Miji mingine imekwisha kuionja njia hiyo. Kampala ilianza kumwaga taka Kiteezi mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima huo wa taka uliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Kinshasa ilipata dampo la Mpasa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, lakini fedha hizo zilipoisha mwaka 2015 uzoaji ulidorora na marundo yakarudi mitaani. Dar es Salaam ilitandaza mabomba katika jalala la Mtoni ili kuichoma gesi, kazi inayohitaji mitambo, mafundi na bajeti isiyokatika.

Uganda ina mfano mwingine. Katika miji kama Mbarara, Jinja, Lira na Fort Portal, mamlaka ya mazingira na Benki ya Dunia zilijenga vituo vya kugeuza taka za masoko kuwa mboji. Lundo linalopinduliwa mara kwa mara hupata hewa, na methani haipati nafasi ya kujengeka.

Njia hii inaifaa Lubumbashi. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba katika nchi za kipato cha chini asilimia 56 ya taka ni chakula na mimea. Udongo mwekundu wa Katanga una njaa ya mbolea, na wakulima wa lengalenga wa mabondeni hununua samadi ya kuku. Sharti ni moja: kutenganisha taka tangu nyumbani. Viwanda vya shaba vimemwaga vumbi la metali juu ya ardhi ya mji huu kwa takriban karne nzima. Mboji iliyochanganyika na betri na vyuma itaongeza sumu kwenye mboga.

Mwaka 2021 serikali iliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 21 ifikapo 2030, na sekta ya taka imo katika ahadi hiyo. Hapa mjini, pa kuanzia ni kwenye masoko ya Kenya na Mzee Kabila, ambako kila jioni hubaki majani na matunda yaliyooza yasiyohitaji kuchambuliwa sana. Manispaa iweke mizani ipime mikokoteni inayotoka humo, itenge kiwanja cha mboji karibu na bustani, na iwalipe wasukuma mikokoteni kwa kila kilo safi wanayofikisha, kabla ya kuchimba dampo la kwanza kubwa.